Nilimwambia Limejaa

Kwa kazi yangu ya kuhamisha watu na vyombo vyao nimeshasema uongo mwingi mdogo mdogo hapa London. Nimemwambia mteja nipo njiani nakaribia, kumbe bado natafuta soksi. Nimeapa kwamba kabati limepanda ngazi bila kugusa ukuta. Hayo huwa nayasahau kabla chai haijapoa. Lakini liko neno moja nililolisema nikiwa nimelala chali chini ya pikapu yangu, kwenye yadi moja ya Hayes, na kwa sababu ya neno hilo mzee aliyekuwa akitengeneza magari tangu kabla sijazaliwa alitaka kufunga gereji yake, akiamini mikono yake imekwisha kazi. Neno lenyewe ni "limejaa".

Mzee huyo ni Mhindi wa Mwanza. Alizaliwa huko, akajifunza ufundi kwenye karakana ya baba yake, akaja Uingereza akiwa kijana. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha watoto wangu, ambao ukiwasemesha wanaelewa kila neno, halafu wanakujibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Yeye nikimwamkia huacha kazi, akafuta mikono kwa kitambaa, akaniitikia marahaba yake kamili, ndipo akarudi kwenye injini. Nilimpenda kwa hilo kabla hata sijaujua ufundi wake.

Pikapu ilikuwa yake. Aliniuzia wakati ule wenye magari makuukuu ya dizeli walipokuwa wanayauza kwa hasira kwa sababu ya tozo ya moshi, ile ambayo jiji huwatoza kila siku wenye magari machafu. Hii ilikuwa ya petroli, imepita miaka ishirini, lakini tozo haikuigusa, na kwa mtu wa kazi yangu hilo lilikuwa kama kuokota embe barabarani. Alikuwa ameitunza karibu tangu ikiwa mpya, na ukaguzi wa kila mwaka, ule wanaouita MOT, haikuwahi kufeli hata mara moja. Siku ya kunikabidhi ufunguo alinipa sharti moja tu: gari likiumwa, nimpelekee yeye. Nikasema hilo halina shida.

Sasa lazima niseme jambo ambalo ndilo chanzo cha yote. Na mimi niliwahi kukaa gereji. Ilikuwa Morogoro, miaka mitatu, mwanzo naosha vyuma kwa petroli, mwisho naachiwa gari peke yangu. Miaka mitatu si mingi, lakini kadiri ninavyokaa mbali na Morogoro ndivyo inavyozidi kuongezeka. Kwenye harusi za Watanzania hapa mjini, ukinikuta nimeshiba pilau, utadhani injini ya kwanza duniani niliifunga mimi.

Na kule Morogoro, gari likitoka Japani, moja ya kazi za mwanzo kabisa tulizolifanyia ilikuwa kutoa masega. Masega ndiyo jina tunalokiita kile kitu kilichomo kwenye bomba la moshi, katikati, kama debe dogo. Ndani yake pana vitundu vingi vidogo kama sega la nyuki, na kazi yake ni kusafisha moshi kabla haujatoka nje. Sisi tuliona yanalibana gari pumzi tu. Unakata debe, unaingiza nondo, unayaponda, unayamwaga kama makapi, unachomelea debe lako na kulirudisha. Gari linapumua, mwenye gari anafurahi, na habari ya moshi haimhusu mtu. Nimefanya kazi hiyo kwa magari mengi na sikuwahi kuona vibaya.

Basi majira ya baridi yale pikapu ikaanza kukosa nguvu. Nikipakia makochi mawili na friji, kilima kidogo tu inaguna kama mtu mwenye pumu. Sharti la mzee nililikumbuka vizuri kabisa. Lakini nilijiuliza, mimi fundi mzima nimpelekee mwenzangu jambo dogo kama hili? Jumapili moja, mke wangu akiwa zamu hospitalini, nikaazima mashine ya kuchomelea, nikaingia uvunguni nyuma ya nyumba na kulifungua lile debe. Masega yalikuwa yameyeyuka upande mmoja na kuziba. Nikayaponda yote, nikayatia kwenye mfuko wa unga, nikatupa. Nilikuwa nimelikata debe upande wa juu, ule unaotazama sakafu ya gari, mahali ambapo mtu aliye chini haoni, na nikalichomelea vizuri sana. Niseme ukweli, ule mshono wa chuma niliupenda. Gari likapata nguvu mpya, na kwenye harusi iliyofuata nilisimulia meza nzima jinsi nilivyolitibu.

Ukaguzi ukafika, na gari likafeli. Kijana wa ukaguzi alichomeka mrija wake kwenye bomba, akasubiri, akatikisa kichwa, akanipa karatasi. Hewa ya sumu kwenye moshi ilikuwa imepita kiwango mara nyingi. Kabla sijamaliza kusoma mstari wa pili nilishajua gari linaumwa nini na nani kaliumiza.

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Ningenunua masega mengine, nikafunga, nikanyamaza na aibu yangu ndogo. Lakini yanayolingana na gari lile yalikuwa yakitafutwa kwa shida, na mimi bila gari sina kazi, na ukaguzi wa marudio una siku zake. Nikaamua kumpelekea mzee, nikiwa na uso wa mteja asiyejua kitu. Nilijiambia naogopa Croydon. Maombi yangu ya uraia yalikuwa huko, kwenye lile jengo refu la uhamiaji, na fomu zao zinauliza tabia ya mtu, na kuchezea moshi wa gari hapa ni kosa. Ni kisingizio kitupu. Hakuna ofisa wa Croydon aliyekuwa na mpango wa kulala chini ya pikapu yangu. Niliyemwogopa ni mzee. Aliwahi kuniambia kwa uchungu jinsi mafundi wa nyumbani wanavyotoa masega, wanayaharibu magari na mapafu ya watu, akatikisa kichwa, na mimi nikatikisa changu kwa nguvu kumshinda.

Alisoma karatasi mara mbili. Halafu akasema tuanze na masega. Hakuwa mtu wa kubahatisha, na kwa karatasi kama ile fundi yeyote mwenye akili anaanzia hapo. Aliinua gari kwa jeki, akaweka stendi, akatandika maboksi mawili chini, moja lake na moja langu. Tukalala chali bega kwa bega, mimi na yule mzee wa karibu miaka themanini, tukitazama tumbo la gari. Alikuwa na nyundo ndogo ya mpira mkononi. Debe likigongwa, kama masega ni mazima linatoa mlio mzito uliozibwa. Kama yamekwisha linalia kama debe la mafuta lisilo na kitu. Hilo hata mimi nilifundishwa.

Aliinua nyundo, halafu akasita. Ndege ilikuwa inashuka kuelekea Heathrow, akaisubiri ipite.

"Masikio yangu siku hizi ni ya urembo tu," akasema. "Mimi nitagonga, wewe nisikilizie. Linalia tupu au limejaa?"

Akagonga mara tatu. Lililia tupu. Lililia tupu kiasi kwamba nilishangaa yeye asisikie, uso wake ukiwa shibiri moja kutoka kwenye lile debe. Alinigeukia, akanitazama mdomoni, kama wanavyofanya watu wasiosikia vizuri.

"Limejaa," nikasema.

Akaniamini papo hapo. Aliweka nyundo pembeni, akasema vizuri, basi tatizo liko kwenye injini, tutalitafuta.

Na akalitafuta. Siku ya kwanza alibadilisha plagi na chujio la hewa, akamwaga oili na kuweka mpya. Siku ya pili alikagua mipira yote ya hewa, mmoja mmoja, akiipaka maji ya sabuni na kuangalia kama pana povu. Siku ya tatu alifungua sensa, ile inayopima moshi ndani ya bomba, akaisafisha, akaipima, hakuridhika nayo, akafunga nyingine aliyokuwa ameitunza kabatini kwake. Siku ya nne alirudia yote ya siku ya kwanza, kwa kuwa alianza kujishuku. Mimi nilikuwa namshikia tochi. Kila alipoulizia kitu nilimpa, kila aliposema huenda ni hiki nikaitikia huenda, mzee. Sijui kama yuko mtu aliyewahi kushika tochi kwa uchungu kama mimi.

Kulikuwa na jambo la chakula pia. Mzee hali nyama, na mke wangu aliposikia babu wa watu anahangaika na gari letu na kakataa malipo mpaka lipone, kila siku alinipa bakuli la kumpelekea: mbaazi za nazi, chapati, siku nyingine njegere. Mzee alikula taratibu, akasifu nazi, akauliza kama ni ya kukuna au ya kopo. Jioni aliliosha bakuli lile mwenyewe, na hakulirudisha tupu hata siku moja. Alitia achari, au ndimu, au vipande vya sukari guru, akasema mpelekee mama wa nyumbani. Nililiweka kwenye kiti cha pembeni na kuendesha bila kulitazama.

Siku ya tano tulikwenda kupima tena, na mzee akasema atakuja nami. Alivaa koti safi. Tulisimama nyuma ya kioo, kofia yake mkononi, wakati yule kijana wa ukaguzi anachomeka mrija. Namba zilipanda zilezile. Kijana alitoka na kumwuliza kwa heshima kama masega yameangaliwa. Mzee akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba masega ni mazima, wameyagonga, na huyu mwenzake ameyasikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Akaniwekea mkono begani. Kijana akanitazama. Nikatazama chini, kwenye viatu vyangu vya kazi, na nikaona kamba moja imefunguka. Niliinama kuifunga na nikaifunga kwa muda mrefu sana.

Tulirudi mpaka tukakaribia yadi. Ndipo akasema kwamba ameamua mwisho wa mwezi afunge. Amekuwa akijiuliza kwa muda, na sasa amepata jibu. Gari alilolilea kwa mikono yake linaumwa na yeye haoni linaumwa wapi, basi mtu huyo hana haki ya kushika gari la mwingine. Aliongea bila kulalamika.

"Nilikuuzia gari bovu," akasema. "Unisamehe, bwana."

Nilitakiwa niseme pale pale. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba asijali, mambo haya hutokea. Mpaka leo sentensi hiyo nikiikumbuka nikiwa nanyoa ndevu huwa naacha wembe.

Nyumbani nilimkuta mke wangu jikoni, anatayarisha bakuli la kesho. Nikamweleza kuwa gari limefeli tena na babu anafunga gereji. Nilieleza kwa masikitiko, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Akaacha kukoroga.

"Si ulisema kwenye harusi uliyatoa yale madude ya moshi mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Umemwambia?"

Nikafungua friji kutafuta maji, na hilo likamtosha. Alichukua lile bakuli, akaliosha, akalifuta, akalirudisha kabatini na kufunga mlango wake polepole. Akasema hampelekei chakula mtu ninayemdanganya, maana atakuwa anamdanganya na yeye. Ningefurahi angegombana. Alikwenda sebuleni, akawasha televisheni, akakaa.

Asubuhi, Jumamosi, nilikwenda mikono mitupu. Mzee alikuwa anapanga vifaa kwenye masanduku, spana za ukubwa mmoja pamoja, kila sanduku na karatasi yake. Nilimwamkia, akafuta mikono, akaniitikia. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu nilipotoka kwangu, maneno mazuri yenye utangulizi. Yote yalitoweka. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba lile debe ni tupu, masega niliyatoa mimi.

"Nini?" akasema, akainamisha sikio.

Nikarudia. Ndege ikapita. Akaonyesha sikio lake, akatikisa kichwa, akanisogelea. Ikabidi nipige kelele. Mlango wa pili pana jamaa wa Poland anayefunga matairi, akasimamisha mashine yake na kutuangalia. Kwa hiyo nililikiri kosa langu kwa sauti ya mnadani, katikati ya yadi.

"Debe tupu, mzee! Niliyatoa mimi! Siku ile lilikuwa tupu!"

Safari hii alisikia. Alichukua nyundo ya mpira kutoka kwenye sanduku alilokuwa ameshalibandika karatasi, akaliinua gari kwa jeki, akatandika maboksi yake mawili, na kunionyesha langu. Tukalala tena chali. Akasubiri utulivu, akagonga mara tatu.

"Unasikia nini?"

"Tupu."

"Na siku ile ulisikia nini?"

"Tupu, mzee."

Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, kwa sababu matusi yana mwisho, mtu akimaliza mnaondoka. Badala yake aliiweka nyundo kifuani, akainua mikono yake miwili mbele ya macho, pale pale chini ya gari, akaigeuza upande huu na upande huu. Mikono ile ina mabaka meusi ya oili ambayo hayatoki tena.

"Kumbe mizima," akasema.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetoka kwa daktari na habari njema, na macho yake yalikuwa yamelowa. Hakunifikiria mimi hata kidogo wakati ule. Nilipomwona anavyofurahi ndipo nilipojua kwa siku tano nilikuwa nimemnyang'anya nini, na nilifunika uso wangu kwa kiwiko.

Masanduku aliyafungua siku ile ile. Masega tuliyapata baada ya wiki mbili, ya gari lililokufa huko Luton, mazima, na aliyafunga yeye mwenyewe nikimshikia tochi. Alinionyesha mshono wangu wa juu, akasema ni kazi safi, na akalitupa lile debe kwenye vyuma chakavu. Gari lilipimwa na namba zikalala chini kabisa. Mke wangu akatoa bakuli kabatini. Mzee akalirudisha na achari.

Kwa hiyo naweza kusema mambo yalikwisha vizuri. Gereji iko wazi. Gari liko barabarani. Mzee akiniona anafuta mikono na ananiitikia marahaba kamili, wala hajawahi kulitaja jambo lile, si kwangu wala kwa mtu mwingine ninayemjua. Kwenye harusi siku hizi nakula na kunyamaza, watu wanadhani nimezeeka.

Lakini mwaka huu, wiki moja kabla ya ukaguzi, nilimpelekea gari aliangalie. Aliliinua, akatandika boksi moja tu, akalala na nyundo yake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, nimeshaanza kukunja mikono ya shati ili nishuke. Akachungulia kutoka uvunguni, akanitazama, halafu macho yake yakanipita. Akamwita yule jamaa wa matairi. Jamaa hajui neno la Kiswahili, na Kiingereza chenyewe ni cha kuombea maji. Alikuja akapiga magoti, mzee akagonga mara tatu, kisha akagusa sikio lake na kuinua nyusi kumwuliza. Yule jamaa akafikiri, akafumba ngumi kuonyesha limejaa, na mzee akamshukuru.